Zamu ya Alhamisi

Miche ya kahawa ilifika kabla ya mwanangu. Miche mia tatu, ndani ya vifuko vyeusi, imepangwa nyuma ya pikapu. Dereva aliishusha uani kwangu, akafuta jasho, akaniuliza, "Bibi, mzee mwenyewe yuko wapi?"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mzee. Kumbe anamsema Eliudi! Mtoto niliyemfunga vifungo vya shati lake la kwanza la shule, leo kijana wa pikapu anamwita mzee. Ndiyo, ametimiza sitini. Serikali imempa mkono wa kwaheri, naye amesema harudi Dodoma, anakuja Marangu kulima kahawa kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba letu la nyumbani. Nilicheka. Halafu nikaitazama ile miche. Ilikuwa Februari, jua limewaka mpaka migomba imekunja majani. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Miche inataka maji. Na maji ya nyumba hii nilishayatoa kwa mtu mwingine, na mwanangu hajui.

Ngoja nieleze polepole, maana wako wajukuu waliozaliwa wakakuta bomba, hawajui. Huku mlimani maji ya shamba huja kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na mababu, unaotoka juu kule msituni na kupita kihamba hadi kihamba. Mfongo hauna mwenyewe. Wenyewe ni wale wote ambao babu zao waliuchimba, na wao wanaendelea kuuzibua. Kila nyumba ina zamu yake. Yetu ilikuwa Alhamisi, tangu alfajiri mpaka saa sita mchana. Sheria ni moja tu: ikiitwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, kila nyumba itoe jembe na mtu wa kulishika, mtu wa damu au wa ndoa, si kibarua. Nyumba ambayo jembe lake halionekani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, zamu yake inarudi kwa wenzake.

Mume wangu alilishika jembe mpaka siku alipoanguka. Mabinti zangu wameolewa mbali, na mtoto wa kiume niliye naye ni Eliudi peke yake. Basi nikalishika mimi. Lakini nisijisifu. Kipande changu cha kuzibua alikuwa anakimaliza Basili, jirani yetu, rika la Eliudi, waliotahiriwa siku moja na kuchunga mbuzi pamoja. Mimi nasimama pembeni na jembe langu ili nionekane nipo, Basili anatoa tope langu na lake. "Mama," ananiambia, "wewe piga hadithi tu, jembe niachie mimi." Natega vitendawili, watu wanacheka, kazi inakwisha.

Basili akaugua mapafu, akafa akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Eliudi hakuja kuzika. Alikuwa Mtwara, wanafungua mradi wa maji, kuna mgeni mkubwa anakuja kukata utepe. Akatuma rambirambi kwa simu. Huku kwetu rika lako halizikwi kwa simu. Watu hawakusema kitu, lakini wakati wa kuweka udongo waliita rika la marehemu, na mahali pa Eliudi pakawa wazi. Mimi mama yake nilikuwa nimesimama palepale.

Mwaka uliofuata goti langu likakataa. Wazee wa mfongo wakaniuliza kwa upole zamu ya Alhamisi itakuwaje. Nilimpigia mwanangu. Akasema, "Mama, niko kwenye kikao, nitakupigia." Hakupiga. Nami kwa kiburi changu sikupiga tena.

Sasa Mektrida, mjane wa Basili, alikuwa amebaki na watoto watatu na ng'ombe mmoja, bila maji, kwa sababu zamu ya Basili ilikuwa ya pamoja na kaka zake, nao baada ya msiba waliigawana wakamsahau. Basi siku ya mkutano nilipanda mpaka kwenye mlango wa mfongo, nikichechemea, nikachuma jani la isale, nikamwekea Mektrida mkononi mbele ya watu wote. Nikasema Alhamisi ni yake.

Isale ni ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Jani lake si la mchezo. Ulichokitoa kwa isale huwezi kukidai tena, na anayekujia na jani la isale mkononi humkatalii anachoomba, hata akiomba msamaha wa kukuulia ng'ombe.

Mwenyekiti wa mfongo aliandika kitabuni, akainua kichwa. "Mama Eliudi, na mwanao je?"

Nikajibu, "Mwanangu harudi."

Maneno mawili. Nimekaa nayo miaka minane.

*

Eliudi alifika Jumatano, na Jumamosi wakaja wenzake aliosoma nao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikuwa wanne kutoka upande wetu huu, waliingia mwaka mmoja. Siku walipoondoka tuliwaombea kanisani wote pamoja, Walutheri na Wakatoliki, tukawasindikiza mpaka barabarani. Basili, ambaye shule ilimshinda darasa la saba, ndiye aliyelibeba sanduku la Eliudi kichwani.

Niliwapikia mtori wa nyama ya mbavu. Walikula uani, kivulini. Stella alikuja na sabuni kikapu kizima kama zawadi. Huyu alisoma kemia, akaajiriwa kiwandani, kiwanda kikauzwa, sasa anatengeneza sabuni kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, Moshi mjini. Theodory alikuja na kofia ya kampuni yake ya kupandisha wageni mlimani. Na Aristides akaja kwa miguu na dumu la maziwa, kwa sababu yeye anakaa hapa hapa, nyumba ya nne kutoka kwangu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Theodory, hilo tumbo limepandaje kilima?"

"Mama, hili silipandishi mimi, linapandishwa na wapagazi!"

Wakacheka, wakaanza kuchokozana kama vijana. Theodory akasema yeye alisoma historia miaka mitatu, na kazi yake imekuwa kuwaambia wageni mlima una urefu gani, na siku hizi hata hilo wanamsahihisha wao kwa simu zao.

"Afadhali wewe unapumua hewa safi," Stella akasema. "Kiwanda kilipouzwa nilisema nitapumzika nyumbani mwezi mmoja, nitafute kazi nyingine. Mwezi huo haujaisha. Cheti kiko ukutani juu ya mapipa, kimeingia moshi hata jina halisomeki."

"Lakini sabuni yako inatoa povu."

"Povu ndiyo kemia yenyewe, mjinga wewe!"

"Mwenzenu Eliudi ndiye aliyefaidi," Theodory akasema. "Injinia. Magari ya serikali, bendera, king'ora."

Eliudi akatikisa kichwa. "King'ora kipi? Nimekaa Singida, nimekaa Mtwara, nimemalizia Dodoma. Kuna kijiji Singida tangi lao wameliita jina langu. Siku namaliza kazi nilipita pale kuaga. Mtoto mmoja akaniuliza, wewe ni fundi wa nini?" Akacheka kidogo, akaacha. "Juzi nilikaa nikahesabu siku nilizolala katika nyumba hii tangu tuvue majoho. Krismasi moja moja, na siku nne za msiba wa baba. Haifiki hata mwaka mmoja, jamani. Miaka thelathini na tano, na haifiki mwaka mmoja."

Kuku waliendelea kuparura.

"Ndiyo maana wote tulikuwa tunamcheka huyu," Stella akasema, akimwonyesha Aristides kwa kijiko. "Tulimwita Profesa wa Ng'ombe. Uchumi daraja la kwanza, halafu anakata majani."

"Nilirudi kwa miezi mitatu," Aristides akasema. "Nilitaka baba apone kiharusi, niondoke. Hakupona haraka, hakufa haraka. Nilipomaliza kumzika, nafasi yangu kule alikuwa ameikalia mtu." Akameza mtori wake. "Sijuti sana. Najuta siku mbili tatu kwa wiki."

Wakacheka tena, lakini mimi sikuweza. Maana wao walikuwa wanamcheka kwa utani, na mimi nilimcheka kwa kweli. Eliudi alipopata kazi ya kwanza, nilimshika mkono palepale uani nikamwambia, "Mwanangu, nenda. Usije ukarudi kama Aristides, aibu kwa mama yake." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mtoto akatii. Na baadaye nikamkasirikia kwa kutii.

Eliudi akasimama, akaionyesha miche kwa mkono. Uso wake uling'aa, sijauona uking'aa hivyo tangu akiwa mdogo. Akawaeleza safu zitakavyokaa katikati ya migomba, na kivuli, na mboga za pembeni. Ile miche alikuwa akiinywesha kwa ndoo kutoka bombani, na bomba letu Februari hutoa maji likipenda.

"Lakini Alhamisi shida imekwisha," akasema. "Alhamisi ni zamu yetu. Nitaamka alfajiri nikafungue maji mwenyewe kama baba. Aristides, si wewe ndiye mwenyekiti wa mfongo siku hizi? Utanionyesha mlango ulipo, maana nimesahau hata njia."

Aristides akatazama bakuli lake. Halafu akanitazama mimi.

Nilijua siku hiyo itakuja. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Jumatano, na kila asubuhi yalikuwa yananitoroka. Nikatafuta njia ninayoizoea.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" wakajibu wote kwa pamoja, kwa furaha, kama watoto.

"Nilikuwa na mali ya mtoto. Mtoto akachelewa, nikampa jirani. Sasa mtoto amerudi."

"Koti la marehemu," Theodory akasema upesi. "Umempa jirani, na baridi ya Julai inakuja."

"Hapana."

"Jina," akasema Stella. "Umempa mtoto wa jirani jina la Eliudi. Kuna Eliudi mdogo hapa, Injinia, utaitikia wewe au yeye?"

"Hapana. Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Arusha, Mama."

"Siutaki."

"Chukua Dar es Salaam yote, na foleni zake!"

"Siutaki."

Eliudi akanyoosha mikono yote miwili akicheka. "Chukua Mtwara, Mama. Nimewaachia miaka kumi na moja kule, na sitawadai. Mtwara ni yako."

Nikasema, "Nimeichukua. Nilikwenda Mtwara kwa simu, mwanangu. Nikaambiwa uko kwenye kikao."

Akaendelea kutabasamu, kama mtu ambaye habari haijamfikia vizuri.

"Jibu ni maji," nikasema. "Alhamisi si yetu. Nimeitoa, huu mwaka wa nane."

Aristides akaweka bakuli chini. Stella akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Umempa nani?"

"Mektrida wa Basili."

"Kwa isale?"

"Kwa isale."

Akageuka taratibu. "Na wewe Aristides ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Ukanyamaza miaka minane!"

"Hujaniuliza kitu tangu tuvue majoho," Aristides akasema bila ukali. "Hata leo umeniuliza njia tu."

Eliudi akanirudia mimi. "Walipouliza habari yangu, Mama, ulisemaje? Lazima waliuliza."

Ningeweza kumdanganya. Aristides asingenisuta. Lakini kitabu kipo. "Nilisema hurudi."

Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ulinizika nikiwa hai."

Theodory, kwa kutaka kusaidia, akasema yapo mambo ya sheria, yeye ni mrithi, aende ofisi ya kijiji. Aristides akamwambia, "Mtendaji wa kijiji mwenyewe anamwagilia kwa zamu ya mke wake. Nani atagusa kitu cha isale? Ipo njia moja. Mtu aliyekosa zamu anaingia upya kama mgeni, anachimba, anasubiri nyumba moja iache. Wako watatu wanasubiri sasa hivi."

"Miche haitasubiri watu watatu," Eliudi akasema.

Akashuka kuelekea mpakani. Tulidhani anakwenda kutuliza moyo. Akarudi ameshika jani la isale.

Wote tulielewa. Stella akasimama. "Eliudi, usifanye hivyo. Ukimpelekea jani, yule mama hawezi kukukatalia."

"Najua."

"Ana watoto."

"Wangu wako wapi?" akajibu. "Mmoja Kanada, mmoja hapokei simu. Mimi nilibakiwa na Alhamisi tu."

Akatoka nje ya uzio.

Sitawadanganya ninyi mnaosoma. Kipande cha moyo wangu kilisema, mwache aende. Mektrida atampa, miche itashika, mwanangu atabaki, nitamwona kila asubuhi mpaka siku yangu. Nilikaa na kipande hicho kwa muda wa kuhesabu pengine hadi ishirini. Kisha nikachukua fimbo yangu nikamfuata, na Aristides akanishika mkono kwenye mteremko.

*

Mektrida alikuwa anamkatia ng'ombe majani, mundu mkononi, khanga kiunoni. Eliudi alikwisha fika, amesimama mbele yake, na mimi nilikuwa bado nyuma kwenye kichochoro cha migomba. Nilifungua mdomo nimwite, pumzi ikanikatalia.

Mektrida aliona jani kabla hajauona uso. Mundu ukamponyoka. Akafuta viganja kwenye khanga, upande huu na upande huu, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea jani kabla Eliudi hajasema hata neno.

"Umekuja, shemeji," akasema. Machozi yakaanza kumtoka. "Umekuja kweli."

Eliudi akasimama kama mti.

"Mwenzio alipolazwa hospitali ya Mawenzi, siku ya mwisho, aliuliza, Eliudi amefika? Nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena jioni. Nikamwambia amefika Moshi mjini, anapanda gari. Akafa anangoja gari lako." Akalishika jani kifuani. "Miaka tisa, shemeji, nimebeba uongo huo, na nimebeba hasira juu yako. Kila Krismasi nikisikia Eliudi yupo nyumbani nafagia uwanja, nasema leo ataleta isale. Hukuleta. Nikasema ni mtu mkubwa, amesahau. Leo umeleta. Nimepokea. Nimesamehe mbele ya Mungu, na watoto wake nitawaambia wasamehe."

Akamwonyesha kwa mkono mahali kaburi lilipo, katikati ya migomba, masale yamelizunguka. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi nawaacha."

Mwanangu alikwenda. Nilimwona akisimama pale mikono imelegea. Halafu akapiga magoti, mtu wa miaka sitini na suruali yake nzuri, akaweka kiganja juu ya saruji. Alichosema sikukisikia, na sikutaka kukisikia. Chini kidogo ya kaburi niliona mfereji mdogo unaoingiza maji ya Alhamisi, na magimbi ya Mektrida, na kunde, na mche wa kahawa uliozaa. Na yeye aliviona, maana aliponyanyuka alivitazama kwa muda mrefu.

Aliporudi, Mektrida alikuwa ameshaleta kigoda na kikombe cha maziwa. "Kuna lingine, shemeji? Sema. Leo ni siku ya kusema."

Nilishika mkono wa Aristides kwa nguvu mpaka akanong'ona, "Mama, unanivunja."

Eliudi akanywa maziwa yote. Akarudisha kikombe. "Hapana, shemeji. Ni hilo tu."

Tulipanda kilima pole pole. Tulipofika uzioni akasimama, akaniambia bila kunitazama, "Nilikwenda kunyang'anya, Mama, nikapokelewa kama mtu mwema. Na hilo la Basili halikuwemo kabisa kichwani mwangu. Hata siku moja. Sijui ni lipi baya zaidi."

"Twende ndani, mwanangu," nikasema.

"Alinibebea sanduku," akasema. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Wenzake walikula machungwa, wakaniaga, wakaondoka jua likiwa bado juu.

*

Alhamisi aliamka alfajiri. Nilimsikia. Alikwenda akasimama kwenye ukingo wa mfongo unaopita kando ya nyumba yetu, akayatazama maji yakipita kwenda kwa Mektrida. Mtu aliyewapa maji watu wa mikoa mitatu. Akarudi akachukua ndoo akaenda bombani, na bomba lilikuwa limekata.

Wiki tatu alihangaika na ndoo. Miche ya pembeni ilianza kukunja majani, halafu kuwa ya kahawia, halafu ukiigusa inakatika. Mia moja na kumi ilikufa. Mektrida alisikia, akaja mwenyewe kuniambia angeweza kutuachia maji kwa muda wa saa moja kila Alhamisi. Eliudi alikataa. Alimjibu kwa heshima, akamsindikiza mpaka mpakani, lakini alikataa. Sikumshauri. Nilikwisha amua mambo yake mara moja bila yeye, ikatosha.

Nilingoja aniambie anarudi Dodoma. Kila jioni nilisubiri neno hilo. Badala yake akaniuliza msaragambo ni lini.

Siku hizi pembe ya kuita watu haipigwi, Aristides anatuma ujumbe kwenye kundi la simu, na mwanangu hayumo kwenye kundi. Nikamwambia mimi: Jumamosi, saa kumi na mbili. Akateremka Moshi mjini akanunua jembe. Alipofika nalo pale mfongoni, wazee wakapata cha kusema.

"Injinia, hilo jembe bado lina bei yake mgongoni!"

"Liache, ataturudishia likimshinda!"

Alicheka nao. Aristides akafungua kitabu, akafika ukurasa wa mwisho, chini ya wale watatu wanaosubiri, yaani fundi pikipiki aliyeoa huku, mwalimu kutoka Iringa, na binti mmoja aliyenunua kipande chini ya barabara. Akaandika jina la mwanangu. Kwenye kisanduku cha nyumba aliyotoka kalamu ilisimama kidogo, maana hapo huandikwa jina la babu aliyechimba, na babu yetu yumo ukurasa wa kwanza. Sheria hairuhusu babu mmoja kuandikwa mara mbili. Akaandika "mgeni."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe na fimbo yangu. Eliudi alisoma kile kilichoandikwa, akatikisa kichwa kukubali, akashuka kwenye kipande cha wageni, kule chini ambako tope ni zito na majani yana miiba. Mwalimu wa Iringa akamwonyesha namna ya kushika mpini. Saa tatu alikuwa ameshavua shati.

"Zamu itafika lini?" nilimuuliza Aristides kwa sauti ndogo.

"Nyumba ikiacha. Miaka mitano, Mama. Labda saba."

Eliudi ana sitini. Mimi nina themanini na mbili.

Alirudi nyumbani mchana, viganja vimechubuka kabisa. Nilichemsha maji nikatia chumvi, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwosha. Aliuma meno, hakulia. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile mkutanoni, nilipokuwa nasema harudi, nilikuwa natazama njia. Sikusema. Nilimpangusa kidole kimoja kimoja kwa khanga yangu, naye akasinzia amekaa.

Nikamwacha. Nikatwaa kikombe na ndoo ya maji iliyobaki, nikaenda kwenye miche. Kwa goti hili siwezi kubeba ndoo, nilikuwa naiburuta. Nusu kikombe kwa kila mche, hadi maji yakaisha. Kumi na tisa haikupata.